Moto wa Kawaida

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili lilikuwa la Ramula, mke wangu. Kurasa za mbele ni zake: vipimo vya vitambaa, siku walizozaliwa watoto wa majirani, dawa za kikohozi. Mimi naanzia nyuma ili tusigongane.

Leo Shadiah, binti yetu, amenipigia simu hapa Jinja kutoka Mbale. Siku ya harusi yake imepangwa, Jumamosi ya tarehe 24 Mei. Akauliza, "Baba, udi wa mama upo?" Nikamjibu upo. Nilisema hivyo kwa kuwa kopo liko juu ya kabati, naliona kila asubuhi. Simu ilipokatika nikapanda kiti nikalishusha. Ndani mna msandali mkavu tu, vipande vyembamba kama kucha, haujapikwa.

Kwetu Wanubi bibi harusi hatoki bila kufukizwa udi uliopikwa nyumbani kwao na mama yake. Kila nyumba ina harufu yake. Mwanamke akikupita njiani unajua katoka kwa nani kabla hujamwona uso. Harusi inasimamiwa na Bushira, dada mkubwa wa Ramula, anayekaa Mbale, na Bushira ana udi wake. Wetu ukikosekana atauweka wake. Shadiah atatoka akinukia nyumba ya mama yake mkubwa, na mama yake mzazi atakuwa hayumo chumbani kabisa.

Ramula alituacha Januari, tarehe kumi na moja, kwa presha. Nilikuwa kazini shuleni, nikipanga neli za kioo za maabara.

Nimelikuta pishi lake katikati ya daftari. Naliandika hapa kama lilivyo: "Udi. Msandali kikombe 1. Sukari kikombe 1. Maji nusu. Karafuu ya kusaga kijiko. Maji ya waridi mwisho. Moto wa kawaida."

Nimeupima msandali. Vikombe vinne. Uliletwa na mjomba wake kutoka Omdurman, Sudan, kabla ya vita, na sasa watu wale wametawanyika, simu zao haziiti. Hakuna mwingine.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepika kikombe cha kwanza. Sigiri niliijaza makaa mpaka juu, kwa sababu kwangu mimi moto wa kawaida ni ule unaochemsha chai haraka. Sukari na maji vilitoa povu jeupe kwa muda mrefu. Nikaona inachelewa, nikaipepea. Ghafla ikawa ya njano, na nilipogeuka kuchukua msandali nikarudi nikaikuta nyeusi. Nikautia hivyo hivyo. Moshi uliotoka ulinitoa machozi, na Kagoya, jirani yangu, akaita juu ya ua, "Mzee Jafar, unachoma tairi?"

Nimeweka kipande kimoja kwenye chetezo. Ni harufu ya mkate ulioungua. Vikombe vitatu vimebaki.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua mchana kutwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia Bushira. Nilimwambia ukweli, kwamba udi haupo, napika mwenyewe.

"Wewe?" akasema. "Shemeji, hilo si jambo la wanaume."

"Basi nieleze. Ameandika moto wa kawaida. Moto wa kawaida ndio upi?"

Nikasikia televisheni yake nyuma.

"Ni moto wa kawaida tu. Ramula alikuwa hodari. Udi wake ulikuwa safi, hauna doa. Hajawahi kukosea sufuria."

"Lakini alikuwa anaanza na moto mkubwa au mdogo?"

"Nimekwambia ulikuwa safi. Mungu amrehemu. Usipoweza niambie, wangu upo tayari."

Sielewi kwa nini mtu akatae kusema jambo dogo kama hilo. Nadhani kuna kitu anakificha. Bushira tangu zamani alitaka Shadiah awe wake; ndiye aliyemchukua Mbale kusoma ushonaji. Labda anasubiri nishindwe. Naandika hili kwa haya, lakini ndilo ninalofikiri.

Jumapili, 13 Aprili

Kikombe cha pili. Safari hii nilitia makaa machache nikayafunika majivu, nikakaa na kijiti kama mtu anayelinda ndege shambani. Saa nzima. Sukari ilitoa povu, ikanyamaza, ikatoa povu tena. Haikubadilika rangi. Mkono ulichoka, nikatia msandali. Mpaka jioni vipande vilikuwa vinashikana kama uji wa jana. Kwenye chetezo vikatoa kwanza mvuke, halafu harufu ya peremende.

Moto mkubwa unaua. Moto mdogo hauzai. Vikombe viwili.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeona sisimizi wamepanga mstari kwenye lango, upande wa ndani, wanapanda mpaka kwenye komeo. Pale juu kuna kipande cha bati, mvua haifiki. Nikatazama wanafuata nini, sikuona chakula. Komeo lina kutu nyeusi inayonata kidogo. Sijui sisimizi wanataka nini kwenye kutu.

Alhamisi, 17 Aprili

Makaa yamelowa. Sikupika kitu, wala chakula.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimekumbuka kwamba Ramula alikuwa akinifungulia lango kila jioni, na neno lake la kwanza lilikuwa "Umelowa?" Hata jua likiwaka, hata vumbi la Januari. Siku ya kwanza tulipoonana nilikuwa nimenyeshewa mpaka soksi, naye hakuniacha nisahau. Miaka ishirini na tisa. Mimi nilikuwa nikijibu "Bado."

Lango letu limezama upande mmoja. Anayelifungua lazima alinyanyue kwa mkono mmoja na kuvuta komeo kwa mwingine. Mimi sasa napitisha mkono juu kutoka nje, naumia kwapa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nataka kuandika mambo ya leo yote, maana bado yananizunguka kichwani.

Mimi ni mhudumu wa maabara. Nilisoma mpaka kidato cha pili tu, lakini kwa miaka ishirini na miwili nimewapangia walimu vyombo na najua kila chupa kwa harufu yake. Leo mwalimu Wanzala alikuwa na darasa la kidato cha tano. Jaribio ni lile la spiriti na asidi kali ya salfa. Kadi yake naijua kwa moyo: sehemu ya kwanza, digrii mia moja na arobaini, usizidishe, sehemu ya pili, digrii mia moja na sabini, usipunguze. Huwa naweka kipimajoto, nawasha moto, naondoka. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

Meza moja walipiga soga, kipimajoto kikapanda. Walitakiwa wapate etha, ule umajimaji mwepesi wenye harufu ya hospitali za zamani. Umajimaji wao ukapungua, gesi ikaanza kububujika kwenye maji. Wanzala akazima moto akawaambia, "Mmepika ugali, mkapakua supu."

Darasa lilipotoka nikabaki naosha vyombo, naye anasahihisha madaftari. Nikamwuliza.

"Mwalimu, spiriti ni ile ile?"

"Ile ile, mzee."

"Na asidi?"

"Ile ile. Wewe ndiye uliyemimina."

"Basi kwa nini huku kitoke hiki na huku kile?"

Akaweka kalamu. Wanzala ni mtu wa Mbale, na watu wa Mbale wakitaka kueleza kitu lazima walete mlima.

"Chukua watu mia. Wote wako chini ya mlima Wanale, wanataka kuvuka. Njia ziko mbili. Moja ina kilima kifupi, nyingine ina ukuta wa mwamba. Wakiwa na nguvu kidogo, wanapita wapi?"

"Kilima kifupi."

"Sasa walishe vizuri, wape nguvu mara mbili."

"Watapita kwenye mwamba."

"Hapana. Hapo ndipo kila mtu anakosea." Alifurahi kwamba nimekosea. "Njia zote mbili zitajaa zaidi. Ila ile ya mwamba ilikuwa karibu tupu, kwa hiyo yenyewe inaongezeka kwa kasi kuliko nyingine. Moto ni hiyo nguvu. Ukiongeza moto, kila kitu kinakwenda mbio, lakini kile chenye mlima mrefu kinaongeza mbio kuliko chenye mlima mfupi. Mwisho kinampita mwenzake."

"Kwa hiyo pale kwenye mia na arobaini, ile gesi haipo?"

"Ipo, kidogo. Hakuna moto unaokupa kitu kimoja tu, mzee. Unachagua nani wawe wengi."

Niliendelea kuosha. Nikaona mikono yangu imesimama ndani ya maji.

"Na sukari?"

"Sukari gani?"

"Ukiipika. Kuna utamu wa kahawia na kuna uchungu mweusi. Nazo ni hivyo hivyo?"

"Sukari ni sokoni siku ya gulio, njia si mbili, ni mia. Lakini ndiyo. Zile za harufu nzuri milima yake ni mifupi kidogo. Za uchungu ni mirefu. Ukichochea moto, zile za uchungu zinawahi." Akanitazama. "Unafungua hoteli?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutania. Kisha akafungua kabati akatoa kipimajoto kirefu, kile kinachofika digrii mia tatu na sitini, akakifunga kwenye gazeti. "Kikivunjika nitasema nilikikalia."

Miaka ishirini na miwili nimewasha moto huo kwa kadi. Nyumbani nikaunguza udi wa binti yangu kama mtu asiyejua kusoma.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikugusa msandali. Nimepika sukari peke yake, kidogo kidogo, mara sita, kipimajoto nimekining'iniza kwa waya juu ya sufuria.

Sasa naona nilipopotea. Maji yakiwamo, zebaki inakaa juu ya mia kama ng'ombe aliyelala, hata upepee vipi. Yakiisha inaamka. Ikishapita mia na arobaini inakimbia, na kama makaa ni mengi huwezi kuikamata. Kumbe siku ya kwanza niliipepea wakati maji yanaizuia, nikadhani moto ni mdogo. Nilikuwa natengeneza mbio za baadaye. Mara ya pili sikumaliza hata maji.

Kagoya ameegemea ua anatazama. "Baba Shadiah, sasa unatengeneza peremende?" Nikampa kipande cha mia na sitini. Akakinyonya, akasema kizuri. Nikampa cha mia na tisini, akatema. Halafu akakiokota kwa macho pale chini, kama anataka kusema jambo, akaingia ndani kwake. Mwanamke huyu anachungulia sana.

Jumatano, 30 Aprili

Mia na sitini hadi mia na sitini na tano. Rangi ya asali. Hapo ndipo penyewe.

Jumanne, 6 Mei

Mvua ya mawe. Bati la jikoni limeinuka.

Jumamosi, 10 Mei

Shule imefungwa jana. Leo kikombe cha tatu.

Makaa nilichagua yale ya Budondo, magumu, hayarushi cheche. Niliyaacha yawe mekundu kwanza, kisha nikapunguza. Mia na kumi, nikasubiri. Mia na thelathini, nikatoa makaa mawili kwa koleo. Mia na sitini na mbili nikatia msandali, zebaki ikashuka, ikapanda polepole, nikaishika pale pale. Karafuu. Nikaepua. Maji ya waridi yakalia chaa.

Vipande vimetoka kila kimoja peke yake, viking'aa. Kwenye chetezo harufu ilikuwa tamu, iliyonyooka, haina doa. Ndivyo Bushira alivyosema: safi.

Nilikaa nikiinusa nikasubiri kitu kitokee. Labda ni pua yangu, nimeichosha kwa moshi wa mwezi mzima.

Jumatano, 14 Mei

Nimefika Mbale na mtungi wangu wa udi mapajani. Mlima umejifunika mawingu, hatujauona tangu asubuhi.

Bushira alinipokea vizuri kuliko nilivyomwazia. Amekonda. Alifungua mtungi, akanusa, akaweka kipande juu ya kaa. Mimi nilikuwa nimeliacha kaa jekundu. Akanisukuma mkono, akalifunika majivu kwanza. "Kaa likiwa wazi unanusa moto, hunusi udi," akasema. Kumbe hata yeye anajua habari ya kilima na mwamba, hana tu kipimajoto.

Alinusa muda mrefu.

"Safi sana, shemeji. Safi kuliko..." Akafunika mtungi. "Safi sana."

Akamwita Shadiah. Mtoto akaja na uzi shingoni, akainamia chetezo, akatanua khanga moshi umwingie. Nilikuwa namtazama usoni. Alivuta pumzi mara moja, akavuta tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha akatabasamu.

"Mzuri, baba. Ahsante."

Nikajua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda kuswali Ijumaa msikiti wa mjini pamoja na Nasif, mchumba wa Shadiah. Kijana mpole, Mgisu, anauza vipuri vya baiskeli. Ameniuliza mara tatu kama nimelala vizuri.

Baada ya chakula nikamfuata Shadiah kwenye cherehani.

"Niambie ukweli."

"Baba, ni mzuri kweli."

"Nimekuuliza ukweli, sikuuliza uzuri."

Akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, bila kushona. "Unanukia kama wa dukani. Wa bei kubwa. Mama hayumo." Halafu akasema haraka, "Si kosa lako. Tutumie huo huo."

"Kinachokosekana ni nini?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo, nilinusa tu. Muulize mama mkubwa."

Nikamwuliza Bushira mbele ya sigiri yake, anapika chapati. Aliendelea kugeuza.

"Hakuna kinachokosekana."

"Mtoto anasema mama yake hayumo."

"Shemeji, marehemu hasemwi ila kwa wema. Nimekwambia udi wake ulikuwa safi, na wako ni safi. Mimi sitasema zaidi."

Ila nilimwona akifuta jicho kwa nyuma ya mkono wenye unga. Siku ile ya simu nilidhani anaficha kitu ili nishindwe. Sasa bado naona anaficha, lakini sioni faida yake. Simwelewi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia safi. Nimefuata safi, nimefika mahali ambapo Ramula hayupo.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi Jinja. Kikombe kimoja.

Jumatatu, 19 Mei

Leo asubuhi nilikuwa naosha sufuria uani nikamkuta Kagoya kwenye kibenchi chake upande wa pili wa ua. Kibenchi hicho kiko mahali ambapo ua umetoboka, na nimekumbuka kwamba hapo ndipo yeye na Ramula walikuwa wakikaa mchana, mmoja huku mmoja kule, mimi nikiwa kazini. Sijawahi kuwaona. Nilikuwa narudi wamekwisha kuachana.

Nikamwuliza, basi tu, kwa kuwa sikuwa na wa kumwuliza tena.

"Kagoya, ulimwona mama Shadiah akipika udi?"

"Mara mingi."

"Mimi nakosea wapi ambapo yeye hakukosea?"

Akaniangalia. Halafu akacheka, akajifunika mdomo.

"Banange, jamani. Wewe hapana jua? Alikuwa anaunguza."

"Anaunguza nini?"

"Udi. Kila mara. Mzee, ssebo, mimi nilidhani unajua. Siku ile umenipa sukari nyeusi nimetema, nikasema huyu anajua, ni hiyo. Halafu ukafurahia ile ya rangi ya asali, nikaona labda hutaki."

"Bushira anasema hajawahi kukosea sufuria."

"Nyinyi mtu akifa mnampaka chokaa. Dada yake akija kutoka Mbale alikuwa anakaa hapa anamgombeza: Ramula, moshi, Ramula, umeunguza tena. Mimi nawasikia."

Nilikaa chini kwenye jiwe la kufulia.

"Kwa nini aunguze? Alikuwa mwangalifu."

"Alikuwa anaanza saa kumi, jua likipungua. Inafika saa kumi na moja, sukari imeshika rangi, anasema, Kagoya, sasa hivi. Ndiyo hapo kengele ya baiskeli yako, ngirin. Anaacha mwiko ndani, anakimbia lango na vidole vya sukari. Mimi namwambia, toa kwanza sufuria. Anasema, atalowa. Jua linawaka, anasema atalowa." Akacheka tena, kisha hakucheka. "Akirudi imevuka. Anatia msandali hivyo hivyo. Dada akigombeza anasema, basi, iwe ya Jafar."

Nilikwenda langoni. Nililamba kidole nikakipitisha kwenye ile kutu ya komeo, pale sisimizi wanapofika, nikakirudisha mdomoni. Kuna chuma. Nyuma ya chuma kuna utamu, na nyuma ya utamu uchungu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua ilinyesha mpaka saa nane, ikaacha.

Nimepika kikombe cha mwisho saa kumi, uani, mahali pake. Nilimwomba Kagoya akae kwenye kibenchi. Kipimajoto nilikitundika, lakini nilikigeuzia uso ukutani.

Nilifanya kama tarehe kumi, kila kitu. Sukari iliposhika rangi ya asali mkono ukataka kutia msandali. Ulikuwa umeshazoea.

"Nenda," Kagoya akasema.

"Hakuna mtu langoni."

"Nenda tu."

Niliacha mwiko ndani. Ni hatua kumi na nane, sikuwahi kuzihesabu. Nikanyanyua lango kwa mkono wa kushoto, nikavuta komeo kwa wa kulia, na lango ni zito, ni zito kuliko nilivyojua, aliliinua kila jioni wala hakulitaja. Barabara ilikuwa tupu, ina madimbwi. Nilisimama muda wa mtu kuingiza baiskeli. Muda wa kuulizwa na kujibu. Nikafunga. Nyuma yangu nilianza kuisikia harufu, kwanza ile safi, kisha nyingine inakuja pembeni yake, nzito, ya kahawia, zinakwenda pamoja, na ya pili inataka kumpita mwenzake.

"Sasa," Kagoya akaita.

Nilirudi nikatia msandali wote. Baadaye nikageuza kipimajoto. Sitaandika kilikuwa ngapi. Wanzala akitaka nitamwambia kwa mdomo.

Sikuweka hata kipande kimoja kwenye chetezo. Hakuna udi wa kujaribia. Ukiwa umekosewa, umekosewa.

Kagoya amepitisha mkono kwenye tundu la ua akaomba kilichoganda kwenye mwiko. Nimempa mwiko wote.

Ijumaa, 23 Mei, Mbale

Nyumba imejaa. Leo mchana ndiyo kufukizwa. Wanaume hatuingii, tuliwekewa viti barazani, Nasif na ndugu zake upande mmoja, mimi karibu na pazia la mlango kwa kuwa ndipo kulikuwa na nafasi. Ndani wanawake walikuwa wanapiga makofi na kuimba kwa Kinubi, wanataniana juu ya miguu ya bwana harusi.

Mtungi nilikuwa nimempa Bushira asubuhi. Sikumwambia lolote, na yeye hakuuliza. Alichukua tu.

Nilisikia koleo likigonga chetezo. Nikasikia Bushira anasema wapishe, na kiti kinaburutwa, Shadiah anakaa. Kisha moshi ukapita chini ya pazia, mwembamba, ukanifikia miguuni kabla ya puani.

Nimetafuta neno, sina. Harufu yake ilikuwa saa kumi na moja jioni, langoni kwetu.

Ndani wimbo ulikatika. Nilimsikia mwanangu akivuta pumzi, na safari hii hakuvuta ya pili, aliishika. Nasif akanigusa goti akauliza taratibu, "Mzee, kuna nini?" Nikamwashiria angoje.

Kisha sauti ya Bushira, ya ukali wake wa zamani ambao sijausikia tangu Januari, ikasema, "Ramula, umeunguza tena."

Hakuna aliyemkanya. Mtu akaanza kucheka, nadhani Shadiah, na kicheko kikageuka, na wote wakawa wanalia na kucheka ndani ya moshi ule, na Bushira anaendelea, "Nimekwambia mara ngapi, toa sufuria kwanza, toa sufuria, mwanamke huyu hasikii."

Jumatatu, 26 Mei

Harusi imepita salama. Bushira amenifungia maandazi. Kwenye gari la kurudi mlima ulionekana wote, mara ya kwanza msimu huu.

Kipimajoto kimefika kizima. Kipo mezani, ndani ya gazeti lake.

Mvua ilinikuta nikitoka barabarani, kubwa, haikunipa hata pa kujibanza. Nilifika langoni nikasukuma, nikasubiri kidogo. Kisha nikapitisha mkono juu. Sisimizi walikuwepo, sikuwapangusa.

Nimelowa.